Msaada wa Mapema kwa Mtoto Anayelemewa na Hesabu

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi

Askari yeyote aliyepata kufundishwa kutumia ramani na dira analijua jambo hili. Akikosea mwelekeo kwa digrii 1 tu, baada ya kutembea kilomita 1 atakuwa amepotoka kwa karibu mita 17, na huenda asitambue lolote. Akiendelea na kosa lile lile hadi kilomita 10, atakuwa amepotoka kwa karibu mita 175, na pale alipotarajia kukuta daraja atakuta kinamasi. Kosa lenyewe halikukua, ila umbali ndio ulioongezeka. Ndiyo sababu wakufunzi husisitiza kwamba dira ikaguliwe kila baada ya mwendo mfupi, maana kurudi mita 17 ni kazi ya dakika moja, lakini kutafuta njia usiku, watu wamechoka na mizigo iko mabegani, ni jambo jingine.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtoto anayejifunza hesabu shuleni. Wazazi wengi, wakiwamo wale wanaovaa sare, hushtuka mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapokaribia. Mtoto yuko darasa la 7, na alama zake za hesabu ni za kusikitisha. Hapo mzazi hukopa fedha, akamtafuta mwalimu wa jioni, akataka mtoto afundishwe haraka sehemu, asilimia na vipimo vya eneo. Miezi hupita, fedha huisha, na alama hubaki pale pale. Mzazi hukata shauri kwamba mtoto wake ni mvivu, au kwamba hakujaliwa akili ya hesabu. Lakini mara nyingi mtoto huyo hakupotea njia katika darasa la 7. Alipotea katika darasa la 2 au la 3, na tangu siku ile amekuwa akitembea tu, kila mwaka akizidi kuwa mbali na wenzake.

Inafaa kueleza kwa nini hesabu hutofautiana na masomo mengine katika jambo hili. Mtoto akiugua malaria juma ambalo darasa linafundishwa habari za Ziwa Viktoria, bado anaweza kuelewa juma linalofuata anapofundishwa habari za Mlima Elgon. Hesabu haina ruhusa ya namna hiyo. Asiyejua kwamba katika namba 52 ile tarakimu ya 5 ni makumi matano hawezi kutoa kwa kukopa. Asiyeweza kutoa hawezi kugawanya namba kubwa. Asiyeweza kugawanya atazionaje sehemu na asilimia, sembuse aljebra ya sekondari? Kila daraja la ngazi hii limefungwa kwenye lile lililo chini yake, na aliyekosa moja hubaki akining'inia.

Tuchukue mfano mmoja ambao walimu wa darasa la 3 huuona karibu kila juma. Mtoto anaambiwa atoe 27 katika 52. Anaandika 35. Jibu sahihi ni 25. Mtu mwenye haraka atasema mtoto amebahatisha, au hakuwa makini. Hebu tumtazame vizuri. Katika safu ya mamoja aliona 2 juu na 7 chini. Kwa kuwa alifundishwa kwamba kubwa haitoki katika ndogo, aligeuza, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kisha akatoa 2 katika 5, akapata 3. Mpe 305 akatoe 148, naye kwa kanuni ile ile ataandika 243, ilhali jibu ni 157. Mtoto huyu anafuata sheria aliyojitungia mwenyewe, na anaifuata kwa nidhamu. Kumpa maswali 50 ya namna hiyo bila kumwonyesha kosa ni kumfanyisha mazoezi ya kukosea mara 50. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa naye na kumwuliza, "Umefanyaje hapa?" kisha akamsikiliza.

Na dawa yake si ngumu. Mtoto huyo huyo akitumwa dukani huenda akafanya hesabu ile bila kukosea. Mpe noti 5 za shilingi 10,000 na noti 2 za shilingi 1,000, yaani shilingi 52,000, kisha umwambie alipe 27,000. Ataona mara moja kwamba noti 2 za elfu moja hazitoshi kulipa elfu saba. Atafanya nini? Atavunja noti moja ya elfu kumi ipatikane chenji ya noti 10 za elfu moja. Sasa anazo za elfu moja 12. Analipa 7, zinabaki 5. Za elfu kumi zimebaki 4. Analipa 2, zinabaki 2. Mkononi ana shilingi 25,000. Kule kuvunja noti ndiko kukopa kunakofundishwa ubaoni. Mtoto alikuwa analijua jambo lenyewe, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba zile alama za chaki ndizo zile noti.

Jambo hili lilichunguzwa katika mji wa Recife, nchini Brazil, na habari zake zikachapishwa mwaka 1985. Wachunguzi waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa sokoni na mitaani, wakawauliza bei na chenji kama wanunuzi wa kawaida. Watoto walijibu sawasawa karibu kila swali. Baadaye walipopewa hesabu zile zile katika karatasi, bila bidhaa wala fedha, majibu sahihi yalishuka hadi karibu theluthi moja tu. Hapana shaka watoto wale hawakuwa wajinga. Daraja kati ya maisha yao na daftari lao ndilo lililokuwa limevunjika.

Kwa nini basi watoto wengi katika nchi hizi zetu hupita darasa baada ya darasa wakiwa na pengo la namna hii bila kugunduliwa? Sababu ni zaidi ya moja. Uganda ilipoanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1997, idadi ya watoto katika shule za msingi ilipanda kutoka karibu milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Kenya na Tanzania nazo zilifuta karo katika miaka michache iliyofuata. Lilikuwa jambo la haki, na mamilioni ya watoto wa wakulima na wa askari wa vyeo vya chini walipata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Mwalimu aliye mbele ya watoto 80 au 100 huona mikono iliyoinuliwa. Iliyobaki chini ya dawati haioni.

Tangu mwaka 2009 nchini Kenya, na mwaka 2010 nchini Tanzania na Uganda, wapimaji wa mpango uitwao Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto wa umri wa kwenda shule maswali mepesi ya kiwango cha darasa la 2. Ilidhihirika katika nchi zote tatu kwamba wengi wa watoto waliokwisha kufika darasa la 3 hawakuyamudu maswali hayo. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na ingawa madarasa kadhaa yaliitwa tena katikati, hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyekuwa darasa la 1 wakati ule, akijifunza kuhesabu makumi na mamoja, alikosa karibu miaka miwili ya kujenga msingi.

Kwa familia za askari kuna sababu nyingine ambayo raia wengi hawaijui. Amri ya uhamisho haingoji muhula kwisha. Mtoto anaondolewa katika shule moja darasa lake lilipokuwa linaanza kuzidisha, anaingizwa katika nyingine ambako wenzake wamekwisha kumaliza kuzidisha na wanagawanya. Mwalimu mpya hamjui, naye mtoto, kwa kuwa ni mgeni na anaona haya, hasemi. Baba au mama yuko lindo, au yuko kwenye operesheni mbali na nyumbani. Pengo la majuma sita tu, katika daraja la chini la ngazi, laweza kumfuata mtoto hadi sekondari.

Habari njema ni kwamba pengo hili linazibika, na ushahidi haukutoka mbali. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, sehemu zisizo mbali na mpaka wa Uganda, kila shule ilipewa mwalimu wa ziada ili darasa la 1 ligawanywe mara mbili. Katika karibu nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kufuata kiwango walichokuwa nacho. Katika nyingine waligawanywa kwa kura. Baada ya miezi 18 ilionekana kwamba mahali watoto walipogawanywa kwa kiwango, wote walisonga mbele zaidi, wale wa juu na wale wa chini pia. Wengi walikuwa wamehofu kwamba waliowekwa katika kundi la chini wangeachwa huko. Kumbe mwalimu wao, akiwa hana tena watoto wa viwango kumi mbele yake, aliweza kufundisha lile walilolihitaji.

Nchini India, kati ya mwaka 2001 na 2003, shirika la elimu la Pratham liliwatumia wanawake vijana waliomaliza sekondari katika miji ya Vadodara na Mumbai. Hawakuwa walimu wenye vyeti. Kila mmoja alipewa watoto 15 hadi 20 wa darasa la 3 na la 4 walioachwa nyuma, akakaa nao kwa saa 2 kila siku ya shule, akiwafundisha kusoma na hesabu za mwanzo. Watoto walipiga hatua kubwa, hasa wale waliokuwa chini kabisa. Kutokana na kazi ya namna hii ulienea utaratibu wa kumfundisha mtoto kwa kiwango alichonacho badala ya kwa darasa aliloandikiwa. Zambia ilianza kuutumia mwaka 2016 kwa wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 5. Watoto hupimwa kwa maswali machache, hupangwa katika makundi, hufundishwa kwa vijiti, mawe na michezo kwa muda maalumu wa siku, kisha hupimwa tena, na aliyefika huhamishwa kundi. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa maana kundi ambalo mtoto hatoki hugeuka kuwa kifungo.

Tena yafaa kusisitiza neno "mapema". Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake walichapisha uchunguzi uliowafuatilia watoto wa makundi sita kutoka Marekani, Uingereza na Kanada. Waliona kwamba maarifa ya hesabu ambayo mtoto aliingia nayo shuleni yaliashiria maendeleo yake ya baadaye kuliko mambo mengine mengi yaliyopimwa, ikiwa ni pamoja na tabia yake darasani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto wa darasa la 2 anayehitaji majuma machache ya vizibo vya soda na vijiti ndiye atakayehitaji miaka miwili ya mwalimu wa kulipwa akiachwa hadi darasa la 7.

Wako wanaosema kwamba dawa ya hesabu ni kiboko, kwa sababu wao wenyewe walichapwa na wakajua. Sheria imekwisha kusema neno lake. Nchini Uganda, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Lakini hata sheria isingekuwapo, akili ingetosha. Mkufunzi wa shabaha anajua kwamba kuruta anayepigiwa kelele sikioni huvuta kifyatuo kwa pupa, na risasi huenda kando. Kufanya hesabu ya kukopa humtaka mtoto ashike mambo matatu au manne akilini kwa wakati mmoja. Hofu ikiingia, inachukua nafasi ile ile, na namba zinamponyoka. Baada ya hapo mtoto huogopa somo lenyewe, akajifunza kunakili kwa jirani.

Wako pia wanaodhani kwamba kumrudisha mtoto wa darasa la 5 kwenye hesabu za darasa la 2 ni kumdhalilisha. La hasha. Harudishwi darasa zima akae na watoto wadogo. Anapewa saa moja kwa siku ya kuziba pengo lake, kisha anarudi kwa wenzake. Askari anayerudia zoezi la kufungua na kufunga bunduki hajavuliwa cheo.

Je, mzazi aliye kambini aweza kufanya nini kesho asubuhi? Kwanza, ahakikishe kwamba mtoto anaona ubao na anasikia vizuri. Wako watoto walioitwa wazito kwa miaka kadhaa, kumbe macho ndiyo yaliyotaka miwani. Wako pia wachache ambao kushika idadi akilini huwawia vigumu kuliko wenzao wote, kama vile wengine wanavyopata taabu na herufi. Hao nao hufaidika na kugunduliwa mapema na kufundishwa polepole kwa vitu vya kushika.

Pili, ampe mtoto wa darasa la 3 au zaidi maswali matatu. Amwambie aandike mia tatu na tano. Akiandika 3005, hajashika nafasi za tarakimu. Ampe 52 atoe 27. Akiandika 35, hajashika kukopa. Amwulize, sahani 6, kila moja ina mandazi 4, jumla ni mangapi? Akihesabu moja moja hadi 24, amefika kwenye kujumlisha lakini hajafika kwenye kuzidisha. Kwa dakika 5, bila kumkemea, mzazi atakuwa amejua njia ilipopotea. Kisha dakika 15 kila siku kwa vizibo, vijiti vilivyofungwa kumi kumi, au noti na sarafu za nyumbani, zitafanya kazi kuliko kumkalisha mtoto saa 4 siku ya Jumapili.

Tatu, aende shuleni kabla ya mwisho wa muhula. Swali la "mtoto wangu amekuwa wa ngapi?" halimsaidii mwalimu wala mtoto. Swali la maana ni "mtoto wangu amekwama wapi?" Na amri ya uhamisho ikija, daftari la hesabu la mtoto lipakiwe pamoja na vyeti vyake, lionyeshwe kwa mwalimu mpya siku ya kwanza, ili ajue darasa la zamani lilikuwa limefika wapi.

Nne, aliye mbali asidhani amesamehewa wajibu huu. Mwaka 2020, shule zilipokuwa zimefungwa, familia zaidi ya 4,500 nchini Botswana zilihusika katika jaribio la kufundisha hesabu kwa simu. Waliopelekewa ujumbe wa maandishi pekee hawakuendelea sana. Wale waliopata pia simu ya kama dakika 20 kwa juma, mwalimu akizungumza na mtoto mzazi akiwa karibu, walipiga hatua iliyoonekana wazi. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa katika nchi nyingine, zikiwamo Kenya na Uganda. Majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa Somalia mwaka 2007, na wengi waliokwenda huko walikuwa wakipiga simu nyumbani kila walipopata nafasi. Katika simu ya namna hiyo, baada ya salamu na habari za karo, swali moja la hesabu likiulizwa na jibu likasikilizwa kwa subira, mtoto atajua kwamba baba au mama yake angali analitazama daftari lake.

Wakuu wa vikosi na vituo nao wana sehemu yao. Katika kambi nyingi wapo vijana waliomaliza sekondari wakingoja kazi au chuo. Mfano wa India umeonyesha kwamba vijana wa namna hiyo, wakifundishwa kidogo na kusimamiwa na mwalimu, waweza kuwainua watoto wadogo. Chumba kimoja kilicho wazi jioni, ubao, na gunia la vizibo vya soda havidai bajeti kubwa.

Jeshi na polisi huendeshwa kwa hesabu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtunza bohari huhesabu risasi na mablanketi. Askari wa usalama barabarani hupima urefu wa alama za breki. Mhandisi hupima uzito ambao daraja laweza kubeba. Mwuguzi wa kikosi hukadiria dawa kwa uzito wa mgonjwa. Katika kazi hizo jibu la 35 mahali pa 25 hugharimu maisha. Watu watakaozifanya miaka 15 ijayo wako darasa la 2 na la 3 hivi leo, na baadhi yao wamekwisha kupotoka mita 17 za kwanza. Bado wako karibu, na sauti ya mzazi inawafikia. Ni wajibu wa mzazi, mwalimu na mkuu wa kambi kuwarudisha njiani sasa.